Wazazi wenye watoto wa miaka 2 hadi 5: kabla ya kuuliza "kaandika nini leo?", ulizeni kaongea na nani kutwa nzima

#1 Mama Chekechea (mwanzisha uzi)

Wadau, salamu kwenu nyote.

Ninafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana hapa Dar, na kabla ya hapo nilifundisha darasa la awali kwenye shule ya msingi. Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu ya swali ambalo wazazi wananiuliza karibu kila jioni wakija kuchukua watoto: "Mwalimu, leo kaandika nini?" Mtoto mwenyewe ana miaka 3. Akitoka na daftari lenye mistari ya a a a a, mzazi anatabasamu. Akitoka na mchanga kwenye nywele, sura inabadilika, na mwezi ukiisha unasikia kahamishiwa kituo cha mtaa wa pili "wanakosomesha kweli".

Matokeo yake vituo vinafanya kile ambacho mzazi analipia. Mlezi anamshika mtoto mkono amwongoze kuchora herufi, na muda ukibana anamwandikia kabisa ili daftari lipendeze. Watoto wa miaka mitatu wanakalishwa kwenye madawati asubuhi nzima, kimya, wakisubiri zamu ya kushikwa mkono. Hili linaniumiza, ndiyo maana naandika.

Msimamo wangu ni huu: mtoto wa umri huo anajengwa na mazungumzo ya kupokezana na mtu mzima anayemjali, pamoja na mchezo. Daftari lina wakati wake, na wakati huo bado. Wataalamu wa makuzi ya mtoto wa Chuo Kikuu cha Harvard wanakadiria kwamba katika miaka ya mwanzo ubongo hutengeneza viunganishi vipya kati ya seli zake zaidi ya milioni 1 kila sekunde. Vinavyotumika mara kwa mara vinaimarika, visivyotumika vinapungua. Na vinatumika hivi: mtoto ananyoosha kidole barabarani anasema "gai!", wewe unajibu, "Eeh, gari kubwa lile. Limebeba nini?", naye anasema "maji!" Hapo kipindi kimeshafundishwa, na wala hujatoa hata senti.

Niwape mfano wa kituoni. Kuna mtoto anahesabu moja hadi ishirini bila kukosea, na mama yake ana video yake kwenye simu. Tukiwa tunapanga chai nikamwambia, "Nipe vijiko vitatu." Akachota fungu zima la vijiko akanikabidhi. Hana tatizo lolote. Hesabu ameikariri kama wimbo, ila bado hajajua kwamba namba ya mwisho anayoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote. Tangu hapo tumempa kazi ya kugawa vikombe: "Meza hii wako wanne, wapelekee vikombe vyao." Kuna asubuhi alipeleka vitano, akagawa, akabaki ameshika kimoja. Akaangalia meza, akaangalia kikombe, akageuka akakirudisha kabatini mwenyewe, hakuna aliyemwambia kitu. Mimi nilitamani mama yake arekodi hiyo.

Kuhusu mkono: watoto wengi wanaweza kuiga duara wakiwa na miaka 3 hivi, msalaba wakikaribia 4, mraba wakikaribia 5, na pembetatu baadaye kidogo, maana mistari ya mshazari ni migumu. Sasa angalia herufi k jinsi ilivyo. Unamlazimishaje wa miaka mitatu? Mpe kwanza kazi za kuimarisha vidole: kuchambua maharage, kukanda donge la unga, kumenya yai la kuchemsha, kubana vibanio kwenye kamba ya nguo, kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe hata kama atachukua dakika kumi na ninyi mmechelewa.

Kusoma nako kunaanzia masikioni. Kabla mtoto hajaiona herufi, asikie kwamba neno lina vipande. Sisi tunapiga makofi: ba-ba, ki-ko-mbe, m-to-to. Hiyo ya mwisho wanaipenda sana kwa sababu ile m peke yake inakula kofi zima. Halafu tunatafutana: nani jina lake linaanza na sauti ya s? Mtoto aliyecheza hivi mwaka mzima, siku akionyeshwa silabi ubaoni anakuwa tayari ana kitu cha kuzishikia.

Kwa sera yetu Tanzania, elimu ya awali ni mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, mtoto akiwa na miaka 5 hivi. Miaka yote iliyotangulia ni yetu sisi, wazazi na walezi. Serikali ilizindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile PJT-MMMAM, Desemba 2021, na ndani yake mambo matano yanakwenda pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (mkubwa anamsikiliza mtoto na kumjibu), fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Hakuna mahali panaposema wa miaka mitatu ajaze daftari.

Karibuni tuchangie. Wanaopinga karibuni pia, nitajibu.

#2 Baba Wawili

Mwalimu, nakubaliana na wewe nusu. Nadharia ni nzuri ila sisi tunaishi mjini. Mwanangu mkubwa alipelekwa usaili wa inglishi midiamu moja akiwa na miaka 5, akapewa karatasi aandike jina lake, alfabeti yote na namba hadi 50, tena kwa Kiingereza. Alikuwa anajua kuongea vizuri tu, lakini kalamu ilimshinda. Tukaambiwa arudie bebi klasi. Ada nikalipa mara mbili. Huyu wa pili nimemuanzishia daftari mapema na nyumbani tunamuongelesha Kiingereza tupu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

#3 Mama Chekechea

Baba Wawili, pole kwa ile ada. Usaili wa namna hiyo kwa mtoto wa miaka mitano mimi nauona ni dhuluma, na ninawaambia hivyo hivyo walimu wenzangu wanaousimamia. Lakini upo, kwa hiyo nikujibu kwa vitendo.

Kuandika jina, herufi na namba ni mambo ambayo mtoto mwenye vidole imara, masikio yaliyozoea sauti na maneno mengi kichwani anayapata kwa miezi michache akifika miaka mitano. Ukimwanzisha akiwa na mitatu atayapata kwa miaka miwili ya machozi, na wengine wanaichukia kalamu moja kwa moja. Nimewapokea darasa la awali watoto wanaoficha mikono wakiona daftari. Kwa hiyo maandalizi ya usaili yafanye miezi sita kabla, dakika kumi kwa siku, na jina lake ndilo litangulie kwa sababu linamhusu.

Kuhusu Kiingereza tupu nyumbani naomba nikuulize kwa heshima: ukimwongelesha Kiingereza, mazungumzo yanafika wapi? Wazazi wengi ninaowasikia getini wanaishia kwenye amri: kaa, njoo, kula, acha. Jioni hiyo hiyo kwa Kiswahili wangeweza kumsimulia kwa nini paka wa jirani amekasirika, mvua inatoka wapi, shangazi alikuwa mtundu kiasi gani alipokuwa mdogo. Mtoto anahitaji lugha ambayo mzazi wake ana maneno ya kutosha ya kueleza wivu, huruma, sababu na matokeo. Kama lugha hiyo ni Kiswahili, tumia hicho. Kama ni Kichaga au Kinyakyusa, tumia hicho. Mawazo yakishajengeka kwa lugha moja, lugha ya pili inapata pa kuegemea. Kiingereza shule itampa, ndicho unachoilipia.

Na kwa hesabu Kiswahili kinamsaidia. Kumi na moja, kumi na mbili: mtoto anasikia kabisa kwamba kuna kumi na kuna kingine kimeongezwa. "Eleven" haimwambii hivyo.

#4 Nesi wa Kanda

Asante kwa uzi huu. Niko kliniki ya mama na mtoto huku Kanda ya Ziwa, naomba kuongezea upande wa afya.

Huko Kingston, Jamaica, mwaka 1986 watafiti walichukua watoto 129 wenye udumavu, yaani wafupi mno kwa umri wao kwa kukosa lishe bora, wa miezi 9 hadi 24, kutoka familia za kipato cha chini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya ya jamii kila wiki, saa moja tu, kwa miaka 2. Mhudumu hakwenda kumfundisha mtoto kusoma. Alikwenda kumwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuongea na mwanawe, kwa kutumia midoli iliyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Miaka 20 baadaye waliwatafuta wale watoto, sasa watu wazima. Waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, na walikuwa wamewafikia rika lao ambao hawakuwahi kudumaa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014.

Hili linanigusa kwa sababu utafiti wetu wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kina mama wanakuja kliniki na kadi, tunapima uzito, tunapima urefu, tunaelekeza uji wa lishe, tunaagana. Mimi siku hizi naongeza maswali mawili: "Unacheza naye vipi?" na "Unaongea naye vipi?" Wengi wanashangaa. Wanasema, "Nesi, huyu ana miezi minne, nitaongea naye nini?" Namwambia mama mshike usoni kwako, toa sauti, kisha nyamaza umsubiri. Mtoto akijibu "aguu", mama anacheka kwa mshangao, na foleni nzima inageuka kuangalia.

Kule kunyamaza ukamsubiri ndiko watu wengi wanakosahau. Mpe muda ajibu.

#5 Mwana wa Mvita

Assalaam aleikum. Huku Pwani ya Kenya jambo hili tumeliona kwa macho. Miaka ya 1980 hapa Mombasa wazazi wengi wa Kiislamu walikuwa katika mtihani: mtoto aende chuoni ajifunze dini, au aende nasari apate msingi wa skuli. Ndipo ukaanzishwa mpango wa skuli za awali za madrasa kwa msaada wa Aga Khan, na Bi Swafiya Said akawa miongoni mwa waasisi wake. Baadaye ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Walichanganya yote mawili chini ya paa moja, na kina mama wa mitaa hiyo hiyo ndio waliofundishwa wakawa walimu.

Kilichonivutia ni zile kona. Ukiingia darasani waona kona ya duka, kona ya nyumbani, kona ya vitabu, na vifaa vyenyewe ni vifuu vya nazi, vifuniko vya chupa, mbegu, vijiti, kombe za pwani. Mtoto achagua aende wapi, halafu mwalimu akaa chini pamoja naye amuulize wafanya nini. Utafiti uliotoka mwaka 2008, wa Kenya, Uganda na Zanzibar, ulikuta watoto waliopitia skuli za awali walifanya vizuri zaidi kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa hizo wakawapita hata wenzao wa skuli nyingine za awali. Tena kwa vifuu na vifuniko.

Sasa kaunti ndizo zenye dhamana ya elimu ya chekechea kwetu kwa mujibu wa katiba ya 2010, na mtaala mpya una PP1 na PP2 kwa watoto wa miaka 4 na 5. Mtaala wenyewe wataka mchezo. Lakini nenda skuli za kibinafsi za mitaani, utakuta PP1 wana mitihani na ripoti fomu. Baba Wawili, hamko peke yenu.

#6 Dada wa Mbagala

Mimi naomba mnisaidie hali halisi. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Mtoto wangu ana miaka 2 na miezi kadhaa, anabaki na dada wa kazi. Dada ni mzuri, hampigi, anamlisha vizuri. Lakini katuni zinawaka kwenye simu na TV kutwa. Nikisoma hapa najisikia vibaya kwa sababu muda wa hayo mazungumzo mimi sina. Halafu dada mwenyewe aliishia darasa la tano, vitabu hawezi kumsomea.

#7 Mama Chekechea

Dada wa Mbagala, usijisikie vibaya, unatafuta riziki ya huyo huyo mtoto. Tupange.

Shirika la Afya Duniani, mwongozo wa 2019, linasema mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kwa siku nzima. Katuni haimpigi mtoto wala haimdhuru macho siku hiyo hiyo, kwa hiyo mtu haoni hasara. Hasara ni saa zile ambazo hakuna mtu aliyemjibu.

Sasa huyo dada yako ndiye mwalimu wa mtoto wako. Mheshimu kwa kiwango hicho. Kaa naye Jumapili, usimkaripie kuhusu simu, mweleze kwa nini. Halafu mwambie afanye kazi zake zile zile, ila mtoto awe pembeni yake na aongeleshwe. Akichambua mchele: "Nitafutie mawe." Akifua: "Hii soksi ya nani? Mwenzake iko wapi?" Akipika: "Gusa kitunguu, nusa. Sasa nyanya." Mtoto wa miaka miwili anayetafuta soksi inayofanana na nyingine anafanya hesabu. Katuni ziwe nusu saa wakati dada anaoga na kupumzika, kwa sababu naye ni binadamu na anahitaji kupumzika.

Vitabu visikutishe. Mtoto wa umri huo anasomewa picha. Dada asiyejua kusoma anaweza kufungua ukurasa akauliza, "Huyu mbuzi anakwenda wapi? Mbona amekunja uso?" Kama una intaneti, maktaba ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili za bure, unaweza kuchapisha mbili tatu stesheneri. Na kama dada anajua hadithi za kwao, hizo ndizo za kwanza.

Wewe mwenyewe ukirudi saa mbili, mtoto akiwa macho, dakika kumi na tano za kumwogesha au kumlaza zinatosha kuanzia. Simu iweke mbali. Muulize swali lenye jibu refu. "Ulikula?" atajibu ndiyo. "Dada alipika nini, na wewe ulimsaidia nini?" hapo atahangaika kutafuta maneno, na huko kuhangaika ndiko unakokutaka.

#8 Babu wa Muheza

Nasoma kimya kimya nimeshindwa kuvumilia. Wajukuu zangu wakija likizo nawategea vitendawili baada ya chakula cha usiku. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wakubwa wanapiga kelele yai, yai. Mdogo wa miaka minne akanigomea, akasema "Babu, ni jiwe." Nikamuuliza kwa nini jiwe. Akasema jiwe nalo halina mlango. Nikampa mji! Mtoto aliyejibu na sababu yake mkononi huwezi kumwambia amekosa. Endeleeni, mwalimu, mnafanya jambo kubwa.

#9 Mama Chekechea

Shikamoo babu. "Kwa nini jiwe?" ndilo swali ninalowaomba walezi wenzangu walijifunze. Wengi wangesema "umekosa" wakahamia kwa mwingine.

Kuna watu wameniuliza pembeni namna ya kuchagua kituo, nijibu hapa hapa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kiwe kimesajiliwa, na maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndio wanaokikagua. Omba kuona cheti, usione aibu. Angalia maji, choo, geti, jiko liko wapi, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Uliza mlezi mmoja ana watoto wangapi, kisha nenda ukawahesabu mwenyewe.

Ukishaona hayo, omba ukae nusu saa, tena saa nne asubuhi, usije jioni wameshapangwa. Fumba macho usikilize. Kama unasikia sauti ya mlezi tupu, "nyamaza, kaa, rudia", ondoka. Kama hakuna sauti yoyote na watoto thelathini wako ndani, ondoka haraka zaidi. Unachotaka kusikia ni watoto wanaongea na kuna mkubwa anawajibu. Kisha fumbua macho utafute mlezi amekaa wapi. Aliyekaa chini kwenye mkeka kwa urefu wa watoto ana uwezekano mkubwa wa kuongea nao kuliko aliyesimama mlangoni. Ukiona fimbo juu ya kabati, hata wakikwambia ni ya kutishia tu, mtoto wako usimwache pale.

Kituo kinachokataa mzazi aje bila taarifa mimi sikiamini.

#10 Mama Junia

Samahani kama natoka nje ya mada kidogo. Wangu ana miaka miwili na nusu, anasema "mama" na "maji" tu. Naongea naye sana, TV tuliuza. Mama mkwe anasema wavulana huchelewa, baba yake naye alichelewa. Nisubiri?

#11 Nesi wa Kanda

Mama Junia, usisubiri. Mama mkwe ana nia njema na kweli watoto wanatofautiana, lakini mtoto akifika miaka 2 tunategemea aunganishe maneno mawili, "mama njoo", "taka maji". Akiwa hajafika hapo kwa miaka miwili na nusu anapaswa kuonwa. Mara nyingi tunaanza na masikio, kwa sababu mtoto anaweza kusikia kelele kubwa na bado akakosa sauti ndogo za maneno, hasa kama ameugua masikio mara kwa mara. Nenda na kadi yake kliniki, omba rufaa ya kupimwa usikivu. Kabla ya kwenda, jibu haya: ukimwita jina akiwa amekupa mgongo, anageuka? Ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Anakuangalia machoni? Ukimwambia "leta kiatu" bila kuonyesha kwa mkono, analeta?

#12 Mama Junia

Kidole ananyoosha na machoni ananiangalia. Kiatu analeta nikimwonyesha. Kumwita kwa nyuma hageuki, nilikuwa nadhani ni jeuri. Na masikio yamewahi kutoa usaha mara mbili.

#13 Nesi wa Kanda

Hayo mawili ya mwisho yataje kabla ya yote ukifika, na usikubali kurudishwa nyumbani kwa maneno ya "atakua". Wakati unasubiri kipimo, kila unapoongea naye hakikisha anaiona midomo yako, na umkaribie. Tuandikie hapa wakishampima.